Viatu vya shule vinaota ukungu kabatini: kosa ni la nyumba au ni letu?

Mwl_wa_Sahare (Jumatatu, saa 2:40 usiku)

Habari za jioni wadau. Naombeni msaada kabla sijachoma kabati moto.

Sisi ni watu wa Mbeya. Nilihamishiwa Tanga kikazi mwaka juzi mwezi wa kwanza, tukapanga nyumba huku Sahare, mahali ambapo usiku bahari ikichafuka unaisikia ingawa huioni. Nyumba ni nzuri kwa macho: bloku za inchi sita, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, dari ya jipsamu, na rangi ya mafuta kila ukuta mpaka unaweza kujitazama uso. Kule kwetu adui alikuwa baridi. Nimekulia nyumba ambayo ukiacha dirisha wazi baada ya saa kumi na moja jioni, mama anauliza kama ulizaliwa zizini. Huku nimekuta adui mwingine, maji yasiyoonekana.

Suti ya harusi ya baba watoto ilitoka kabatini mwezi wa nne ikiwa na madoa ya kijani mabegani. Cheti changu cha diploma kimejikunja na kina vidoti vya kahawia. Chumvi ya mezani imekuwa uji. Jana Jumapili nikamtuma binti yangu mdogo akatoe viatu vya shule apige kiwi. Akarudi ameshika kimoja kwa ncha za vidole: "Mama, hiki kimeota manyoya." Na kweli yalikuwa manyoya, meupe, ukipuliza yanalala.

Fundi rangi ameshakuja mara mbili. Mara ya kwanza alipiga msasa, akapaka rangi ya mafuta juu ya ukungu. Miezi miwili haikuisha ukatokea tena. Mara ya pili akapaka mikono miwili, akaondoka na 60,000 yangu. Mwenye nyumba anasema hatufungui madirisha. Jirani anasema tunafungua mno.

Sasa sikieni kinachonichanganya. Chumbani kwetu kuna AC, na ni kukavu kabisa. Chumba cha watoto hakina AC, kina pangaboi, na ukungu wote uko huko. Tena haupo kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Uko kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha chumba chao na chetu, ambao haujawahi kuona tone la mvua wala hauna bomba ndani yake. Kabati lao limeegemea hapo hapo.

Mimi nafundisha hesabu, siwezi kulala na jambo lisilo na namba. Nimenunua kipima unyevu kwa 18,000 kwa wale wanaouza mashine za kutotolesha vifaranga. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi sebuleni kilisoma asilimia 79, chumbani kwetu 63, kwa watoto 85. Jana usiku nilikifungia ndani ya kabati lao mpaka asubuhi, nikakikuta 93.

Nani anaweza kuniambia ukuta wa katikati ya nyumba unapata wapi maji? Na kabla hamjasema niweke mkaa unyonye unyevu, nimeshaweka mkaa.

Mbishi_wa_Chuda (Jumatatu, saa 2:58 usiku)

Karibu Tanga dada. Hapa hata biskuti ukiifungua asubuhi, mchana inakunjika kama chapati. Ongeza mkaa.

Mwl_wa_Sahare (Jumatatu, saa 3:05 usiku)

Mkaa niliupima kaka. Nilikausha kilo moja juani, nikaiweka kabatini wiki nzima, nikairudisha kwenye mizani ya jikoni. Iliongezeka gramu 60. Hivyo ni vijiko vinne vya maji kwa wiki. Watoto wangu wawili wakilala usiku mmoja pumzi zao zinatoa zaidi ya hapo.

Fundi_Baridi (Jumatatu, saa 4:21 usiku)

Mwalimu, pole. Mimi ni fundi wa AC na mafriji, niko Dar, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na nne. Nina wazo lakini sitaki kulisema kabla ya kujua mambo manne.

AC yenu ni BTU ngapi, yaani nguvu yake ya kupoza, na chumba kina ukubwa gani? Mnaiweka nyuzi ngapi usiku? Inapuliza kuelekea ukuta upi? Na lile bomba lake la maji linamwaga wapi?

Halafu nifanyie jaribio. Chukua nailoni angavu, kata vipande vya mraba kama sahani ya wali. Kimoja kibandike kwenye ukuta wenye ukungu, kingine ukuta wa nje karibu na sakafu, kingine popote unapopashuku. Ziba pande zote nne kwa tepu pana, pasiingie hewa. Siku ya pili asubuhi na mapema, kabla ya kufungua dirisha lolote, pitisha kidole juu ya nailoni, kisha ibandue uguse nyuma yake. Nailoni ikilowa upande wa nyuma, ukuta wenyewe una maji. Ikilowa upande wa mbele, maji yametoka hewani, na hapo ukimwita fundi rangi hata mara kumi utakuwa unamlisha tu.

Mwl_wa_Sahare (Alhamisi, saa 1:15 asubuhi)

Fundi, majibu haya hapa. Naandika nikiwa bado na kanga, gari la shule halijafika.

Ukuta wa katikati: mbele ya nailoni palikuwa na umande, kidole changu kimeacha mstari. Nyuma pakavu kama unga. Ukuta wa nje wa kushoto: hakuna kitu pande zote. Ukuta wa nje wa nyuma, chini karibu na bafu: nyuma ya nailoni pamelowa chapachapa, na plasta ina unga mweupe unaonata kidoleni. Nilionja (msinicheke). Ni chumvi.

AC ni BTU 18,000. Baba watoto aliinunua mtumba, ofisi moja ilikuwa inahama. Chumba ni mita 3 kwa mita 3 na nusu. Anaiweka 16. Analala amejifunika lile blanketi zito tulilokuja nalo kutoka Mbeya, anasema anasikia yuko nyumbani. Inapuliza moja kwa moja kwenye ukuta wa watoto. Bomba la maji linaishia chini ya ukuta wa nyuma, na hapo sakafu ya nje imeota ukoga wa kijani.

Ninapoandika haya naanza kuona aibu.

Fundi_Baridi (Alhamisi, saa 7:30 mchana)

Usione aibu mwalimu. Nusu ya nyumba ninazoingia ziko hivyo hivyo.

Una matatizo mawili yanayofanana sura, na hayana uhusiano. Tuanze na la viatu.

Umewahi kuweka chupa ya soda ya baridi mezani ikatoka jasho? Yale maji hayakupenya kwenye kioo. Hewa ya moto inabeba mvuke mwingi, ikigusa kitu cha baridi inashindwa kuubeba, inautua. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali isiyo ngeni huko kwenu, inaanza kutua maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 hivi. Sasa ninyi mnapuliza baridi ya 16 usiku kucha kwenye ukuta wa inchi sita. Bloku haizuii baridi, inaipitisha. Upande wenu ukuta ni mkavu kwa sababu AC inanyonya mvuke wa chumba chenu. Upande wa pili wanalala watoto, hewa ya moto, unyevu 85, na ukuta wa baridi. Umewatengenezea chupa ya soda yenye ukubwa wa ukuta mzima, kisha ukaegemeza kabati. Nyuma ya kabati hewa haitembei, kwa hiyo hapo ndipo panapopoa zaidi na kuchelewa kukauka.

Na jua hili: ukungu hausubiri matone. Unyevu pale kwenye uso wa kitu ukikaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa unatosha kuuotesha. Vumbi, ngozi ya kiatu, gundi ya mbao zile za kubandika, vyote kwake ni chakula. Lengo la ndani ya nyumba ni chini ya 60. Kwa nyumba ya pwani isiyo na AC huifikii hiyo, nisikudanganye, lakini ukibaki kwenye sabini na kidogo na hewa ikitembea, viatu vitapona.

Sasa ukubwa wa AC. Chumba chenu kinatoshwa na BTU 9,000. Mmeweka mara mbili yake. Watu wanadhani kubwa ndiyo nzuri. AC inatoa maji pale hewa inapopita kwenye zile koili za baridi, na inahitaji muda. Kubwa mno inapoza chumba haraka, kompresa inazima, feni inaendelea kupuliza kwenye koili zilizolowa, na sehemu ya maji iliyokwisha kuyakamata inayarudisha chumbani. Baridi unaipata, ukavu unapungua. Ndiyo maana kuna vyumba unaingia unasikia baridi ya pango, shuka zimepoa na zina ubichi.

Fanyeni hivi. Iwekeni 26, feni ya chini. Kwenye rimoti tafuteni alama ya tone la maji, hiyo ni hali ya kukausha. Usiku wa masika itumieni hiyo. Geuzeni mapezi yapulize juu kuelekea dari, yasipige ukuta. Pangaboi liwepo, lakini polepole. Mwili ukipigwa na upepo kidogo 26 hauisikii. Oshani vichujio kila baada ya wiki mbili. AC ikiwaka, dirisha na mlango vifungwe kabisa, kwa sababu mwanya wa kidole unaingiza mvuke usiku kucha na utalipia kuukausha. Asubuhi ukiizima, usifungue madirisha papo hapo. Acha chumba kipate joto nusu saa, vinginevyo hewa ya nje inaingia inakuta kuta na nguo za baridi, inatua.

Kabati la watoto lihamisheni ukuta mwingine, na liache nafasi ya kiganja nyuma yake.

Mtoto_wa_Mjini_Unguja (Alhamisi, saa 11:02 jioni)

Asalaam aleikum. Mie ni fundi wa chokaa, hapa Mji Mkongwe, kazi nimerithi kwa marehemu baba. Fundi wa AC kasema kweli kwa yake. Lakini mwanangu mwalimu, n'ruhusu niseme la huo ukuta wa bafuni, maana huo ndio ugonjwa wangu wa kila siku.

Rangi ya mafuta ni koti la mvua. Ukilivaa ukiwa mkavu, mvua haikupati. Ukilivaa umelowa, utaoza ndani kwa ndani. Huo ukuta wako unakunywa maji kutoka chini, tena mnaumwagia wenyewe kwa bomba la AC kila usiku, na haukuachiwa pa kupumulia. Maji yanapanda, yanachukua chumvi iliyomo kwenye mchanga. Siku hizi watu wanajengea mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki, inavimba, inaitupa plasta. Na chumvi ikishakuwemo ukutani, inavuta maji ya hewani pia. Chumvi yako ya mezani si imekuwa uji? Basi ndani ya ukuta ni vivyo hivyo.

Nyumba zetu za kale kuta zake ni nene, kiasi cha nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe na chokaa. Zinalowa masika, zinakauka kaskazi, ndiyo pumzi yake. Kilichoziua nyingi ni saruji. Mtu anaona plasta ya chokaa imemong'onyoka, anaita fundi wa leo, anapiga saruji, anamaliza na rangi ya kung'aa. Maji yanakosa njia, yanapanda juu zaidi mpaka kwenye vichwa vya boriti, vinaoza, sakafu inashuka. Mji wetu umeingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado mpaka leo napita vichochoroni nikiona ukuta wa chokaa unavalishwa saruji.

Ufanye hivi. Kwanza bomba lile likatwe njia, lipelekwe mbali. Usipake kitu kabla ya hapo. Halafu kwangua rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi kiasi cha kiuno. Unga wa chumvi ufagie ukiwa mkavu, uzoe utupe. Ukiuosha kwa maji unairudisha ndani. Uache ukuta uchi mwezi, hata miwili. Kisha upige chokaa: loweka tangu jana, chuja kwa kitambaa, paka nyepesi mara tatu nne, kila mkono ukauke. Jicho lako lilinde, chokaa inaunguza. Na usimsikilize atakayekwambia utie chumvi ndani ya chokaa ili ishike. Huo ukuta wa chumvi umeshashiba.

Jengine. Fundi kasema ufunge madirisha. Mie nasema nyumba ya pwani ni ya upepo. Wazee walijenga wakijua kusi inapiga wapi na kaskazi inapiga wapi, dirisha huku na dirisha kule, na juu ya mlango tundu. Nyie madirisha yenu ya kusukuma yanafunguka nusu, na nusu nyengine kioo. Mtapumua wapi?

Fundi_Baridi (Alhamisi, saa 1:47 usiku)

Mzee wangu shikamoo. Hatupingani. Chumba chenye AC inayowaka kifungwe. Chumba kisicho na AC kifunguliwe pande mbili. Kinachoua ni nusu kwa nusu, AC inawaka na dirisha limeachwa wazi "kwa ajili ya hewa safi".

Ila hata kufungua kuna saa zake. Mvuke uliomo kwenye hewa ya nje pwani haubadiliki sana kutwa nzima, kinachobadilika ni joto. Usiku na alfajiri hewa imepoa na karibu imeshiba maji. Saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni imepata moto, ina nafasi ya kubeba zaidi. Hizo ndizo saa za kufungua kabati, kutandua vitanda na kusimamisha godoro. Kufungua kabati saa mbili usiku hakusaidii kitu.

Na mwalimu, hujatuambia nguo za watoto mnaanika wapi mvua ikinyesha.

Mwl_wa_Sahare (Alhamisi, saa 2:10 usiku)

Chumbani kwao. Kamba imefungwa kutoka dirishani hadi kwenye mlango wa kabati.

Msiseme kitu. Nimepima tayari. Sare mbili, soksi, shuka moja na taulo, baada ya kukamuliwa zilikuwa na uzito wa kilo 4.1, zilipokauka zikawa kilo 2.3. Kwa hiyo karibu lita mbili za maji zimeingia chumbani kwa watoto kila nilipofua, mara tatu kwa wiki, na mlango umefungwa ili paka asilalie sare. Mkaa wangu ulikunywa vijiko vinne.

Fundi_Baridi (Alhamisi, saa 2:31 usiku)

Umejijibu mwenyewe. Ongezea na jiko. Mnapika kwa gesi? Kilo moja ya gesi ikiungua inazaa kilo moja na nusu ya maji na zaidi, yanatoka kama mvuke, huyaoni. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiisha umeachia lita tisa hadi kumi ndani ya nyumba, mbali na mvuke wa sufuria yenyewe. Kama ni maharage ya Mbeya ya saa mbili na nusu, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango wa sebuleni.

Mbishi_wa_Chuda (Alhamisi, saa 2:40 usiku)

Yaani kumbe tunapika maji kwa gesi na gesi yenyewe inapika maji. Mimi narudi kwenye mkaa.

Bi_Mkubwa_Muscat (Ijumaa, saa 5:20 asubuhi)

Salaam dada. Mimi mzaliwa wa Pangani, niliishi Muscat miaka kumi na moja, nimerudi Tanga. Kule kiangazi unyevu wa pwani unakutoa machozi, miwani inaingia ukungu ukitoka tu dukani. Nilirudi na mashine ya kukausha hewa, ile yenye ndoo ndani. Umeme wa kule na wa hapa ni sawa, plagi ni ile ile, kwa hiyo nimeichomeka tu.

Nakwambia ukweli wake. Inafanya kazi. Chumba kimoja kimefungwa, usiku wa masika inajaza ndoo ya lita nne mpaka inalia. Lakini ni friji iliyofunguliwa mgongo, joto lake linabaki chumbani. Ukilala nayo utaamka umelowa jasho badala ya mvuke. Mimi naiwasha mchana chumba cha nguo tu, mlango umefungwa, sina mtu ndani. Yangu inakula wati 300, saa nane ni uniti 2.4. Kwa bei ya uniti 356 ni kama 850 kwa siku. Kwa nyumba nzima yenye madirisha wazi usijaribu, utakuwa unakausha Bahari ya Hindi.

Vile vikopo vya supamaketi vyenye punje nyeupe zinazogeuka maji, vinafaa ndani ya kabati lililofungwa vizuri tu. Visiguse ngozi wala nguo, na watoto wasivifikie, yale maji yanaunguza. Vile vifuko vidogo vya kwenye maboksi ya viatu usivitegemee kwa kabati zima.

Na udi, dada, unaficha harufu, haukaushi. Nasema hivi na mimi mwenyewe nafukiza kila Ijumaa.

Kwa viatu: vitoe nje, vipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, vikae kivulini penye upepo, usivianike jua la saa sita vitapasuka. Usipulize yale manyoya ukiwa ndani, unayapanda upya. Ukutani tumia maji ya sabuni. Kama unatumia Jik (dawa ya kung'arishia nguo), usichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo wala siki, inatoa hewa ya sumu, na fungua madirisha.

Mwl_wa_Sahare (baada ya wiki tatu, Jumapili, saa 10:05 jioni)

Nimerudi. Shikamoo mzee wa Unguja, na asanteni nyote. Natoa taarifa ya mradi.

Kabati limehama. Tulipolivuta, nyuma yake palikuwa na ramani ya Afrika, nyeusi, na Madagaska yake pembeni. Mbao za mgongoni zilikuwa zimelainika, fundi seremala akazitoa zote, akatoboa matundu ya hewa chini na juu ya milango. Kabati halina mgongo sasa, limekaa mbali na ukuta kiganja kimoja. Baba watoto anasema tumenunua nusu kabati.

Kamba ya nguo imehamia barazani chini ya paa. Zikishindwa kukauka huko, ninazianika chumbani kwetu AC ikiwa kwenye alama ya tone, saa tatu tu, mlango umefungwa. Lile bomba la AC nimeliongezea mita nne za mpira, sasa linanywesha mgomba. Niliweka ndoo usiku mmoja kabla ya kuhamisha: lita sita na robo. Hizo ndizo tulikuwa tunauloweshea ukuta wa bafu kila siku.

Kesi ngumu ilikuwa 26. Mjadala wa ndoa ulichukua siku tano. Tulisogeleana kwa awamu kama wanasiasa: yeye 16, mimi 26, tukakutana 22, kisha 24. Usiku wa sita blanketi la Mbeya likawa linamshinda, akalitupa mwenyewe, akabaki na shuka. Tangu hapo tuko 26 na pangaboi namba moja. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 10,000, ile ya uniti 28, ilikuwa inakwenda siku tatu isifike ya nne. Sasa inaingia ya tano. Hilo ndilo lililomshawishi kuliko ukungu wowote.

Vipimo vya leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi: chumbani kwetu 58. Kwa watoto 76. Ndani ya kabati lisilo na mgongo 77, kutoka 93. Nailoni niliirudisha ukutani siku mbili, mbele yake kavu. Viatu viko sawa, ila kimoja cha kushoto kilikuwa kimeshaharibika ndani, tumekiaga.

Ukuta wa bafu bado uko uchi. Nimefagia unga wa chumvi mara tatu, kila mara unapungua. Mwenye nyumba alipita Jumamosi, akakuta rangi yake imekwanguliwa mpaka kiunoni, akasimama pale dakika nzima bila kusema. Nilimweleza la bomba, la mchanga, la koti la mvua. Akaniuliza hiyo chokaa nitaipaka lini na nani analipa. Nikamjibu mwezi wa nane, na kwamba nitamtolea gharama kwenye kodi. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Kilichobaki ni suti. Madoa ya mabegani hayatoki, na dobi wa kwanza ameniambia niipake rangi nyeusi yote. Kuna mtu hapa Tanga anajua dobi anayeziweza?

Mbishi_wa_Chuda (Jumapili, saa 10:31 jioni)

Dada, shemeji aivae harusi za usiku tu.